Programu huria na uchimbaji wa sarafu: Kuruhusu si kubeba

Mwaka 2021 nilikuwa nikifundisha kompyuta nyakati za jioni katika kituo kimoja ambacho hakuna haja ya kukitaja jina. Tulikuwa na kompyuta 12, zote kuukuu za kupewa, na zote zikitumia programu huria kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kununua leseni. Umeme tulilipia kwa LUKU, na fedha zake zilitokana na michango ya wazazi wa wanafunzi.

Mwezi mmoja uniti ziliisha kabla ya tarehe 10. Mzee msimamizi wa kituo akanunua nyingine, nazo zikaisha upesi. Tukamwita fundi akague nyaya, hakuona kasoro. Mwishowe nikaamua kulala pale pale kituoni. Saa tano usiku nikasikia feni za kompyuta zikivuma kama mzinga wa nyuki, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekaa mbele yake.

Kumbe kijana mmoja, mwerevu kuliko wote darasani, alikuwa ameweka programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Nilipomwita hakukana. Aliniambia: "Mwalimu, sikuiba kitu. Programu hii ni ya bure, na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba programu huria mtu ana haki ya kuitumia kwa kazi yoyote."

Nilimkemea kwa habari ya umeme, lakini hoja yake sikuijibu. Ndugu msomaji, makala haya ni jibu langu kwake, limechelewa. Na swali lenyewe si la kituo chetu peke yake. Linawahusu wote wanaokusanya programu huria na kuzigawa duniani: je, wazibebe na programu za kuchimba sarafu zinazokula umeme mwingi?

Sizungumzii hapa hukumu ya sarafu hizo katika biashara. Hilo lina wenyewe, na masheikh wamekwisha kulijadili. Nazungumzia programu na umeme.

Programu huria ni ipi?

Neno letu "bure" lina maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisicho na faida. Programu huria si lazima iwe bure kwa maana ya kwanza, na haitarajiwi iwe bure kwa maana ya pili. Uhuria wake ni haki nne ambazo Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alizipigania: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuchunguza inavyofanya kazi na kuirekebisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia ile uliyoirekebisha.

Sisi wenyewe tumeonja matunda yake. Mwaka 2004 programu ya ofisi ya OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu wetu hawakulazimika kwenda kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote. Leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Sasa programu hizi ni maelfu kwa maelfu, zimeandikwa na watu waliotapakaa dunia nzima. Mtu wa kawaida hawezi kuzunguka akiziokota moja moja. Ndipo pakatokea mikusanyo, yaani makundi ya watu wanaozikusanya, kuzikagua, kuzifungasha na kuziweka katika ghala moja ili mtumiaji achukue anachokihitaji kwa amri moja tu. Mmoja wa mikusanyo mikubwa ni Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Toleo lake la 12, lililotoka mwaka 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watu wanaojitolea. Ubuntu, ulioanza mwaka 2004, umejengwa juu ya Debian. Kwa hiyo kinachoingia katika ghala la Debian huweza kufika mbali sana.

Mwaka 1997 Debian ilipitisha mkataba wake na jamii pamoja na miongozo ya kupima leseni. Mmoja wa miongozo hiyo unakataza leseni kubagua aina ya kazi. Haifai leseni iseme programu hii itumike hospitalini lakini isitumike katika biashara. Mtaalamu mmoja maarufu, Douglas Crockford, aliwahi kutia katika leseni yake sharti kwamba programu itumike kwa mema na si kwa maovu. Utadhani watu wangelipokea kwa furaha. La, Debian iliihesabu leseni hiyo kuwa si huria. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: nani atakayekuwa hakimu wa kusema hili ni jema na hili ni ovu, na kesho hakimu huyo atakuwa nani?

Basi yule kijana alikuwa na hoja. Programu kama cgminer, bfgminer na XMRig zina leseni huria kabisa. Mbili za kwanza zimewahi kuingia hata katika ghala la Debian. Kwa upande wa leseni hazina dosari.

Uchimbaji ni nini?

Hebu tutazame kinachofanyika kompyuta inapochimba. Tuchukue Bitcoin. Mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto walitoa waraka wake Oktoba 2008, na mtandao ukaanza Januari 2009. Bitcoin ni daftari la malipo lisilo na benki. Nakala zake ziko kwa watu wengi, na kila baada ya dakika 10 hivi huongezwa ukurasa mpya.

Nani aandike ukurasa huo? Mashine hushindana kutafuta namba fulani. Ni kama kufuli la namba ambalo hakuna anayejua namba yake. Hapana ujanja ila kujaribu, na kujaribu tena, mara matrilioni. Atakayebahatika kwanza ndiye huandika ukurasa na kupewa zawadi. Mwaka 2009 zawadi ilikuwa sarafu 50. Imekuwa ikipunguzwa kwa nusu kila baada ya miaka kama minne, na tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125.

Jambo la kuzingatia sana ni hili. Kila baada ya kurasa 2,016, sawa na wiki mbili hivi, mfumo hupima kasi ya mashine zote. Zikiwa zimeongezeka, kufuli hufanywa gumu zaidi ili kurasa zibaki kutoka kila dakika 10. Shambani majembe yakiongezeka, ekari zinazolimwa huongezeka. Hapa ziwe mashine elfu au milioni, kurasa ni zile zile na zawadi ni ile ile. Kinachoongezeka ni umeme. Hata ikibuniwa mashine inayokula umeme kidogo, wachimbaji hununua nyingi zaidi, kufuli likakazwa, na nafuu ikamezwa.

Kwa haki, wachimbaji wana utetezi. Wanasema gharama hiyo ndiyo ukuta wa daftari, kwa sababu anayetaka kughushi kurasa zilizopita atalazimika kutumia umeme kuliko wachimbaji wengine wote wakijumlishwa. Ni kweli. Lakini ukuta huo una bei. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Cambridge ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa Bitcoin hutumia uniti bilioni 138 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya mara tano ya umeme wote unaozalishwa Tanzania kwa mwaka. Tena ukuta wa namna hiyo si wa lazima. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji na kuchukua njia nyingine ya kumpata mwandishi wa ukurasa. Matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99, na daftari lake likaendelea kuandikwa.

Na umeme una wenyewe wanaouhitaji. Mwaka 2021 Iran ilipatwa na katikati ya umeme mijini, na mwezi Mei serikali ikasimamisha uchimbaji kwa muda. Januari 2022 Kosovo nayo ikaupiga marufuku wakati ikiwa na upungufu wa umeme katikati ya baridi.

Hoja za wanaotaka zibebwe

Tusiwadhulumu wenye rai tofauti. Hoja zao ni nne, na si dhaifu.

Kwanza, wanasema uhuru haugawanyiki. Ukianza kukataa programu kwa sababu hupendi kazi yake, umerudi kule kule kwa leseni ya mema na maovu.

Pili, usalama. Anayetaka kuchimba atachimba tu, na ni afadhali apate programu iliyokaguliwa kuliko kuokota iliyotiwa sumu. Mwaka 2018, katika duka la programu la Ubuntu, mchezo ulioitwa 2048buntu ulikutwa umeficha mchimbaji ndani yake. Wenye duka wakauondoa, wakaeleza kwamba kosa halikuwa kuchimba bali kumficha mtumiaji. Na mwaka 2021 programu ya ulinzi ya Norton, ambayo si huria, iliwaletea wateja mchimbaji na kuchukua asilimia 15 ya mapato yao. Angalau katika programu huria kila kitu huonekana.

Tatu, umeme usio na mnunuzi. Katika hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, kuna kituo cha umeme wa maji cha Luviro. Tangu mwaka 2020 hifadhi imekuwa ikichimba Bitcoin kwa umeme huo, ambao haukuwa umepata wateja wa kutosha, ili ipate fedha za kujiendesha wakati watalii walipopotea.

Nne, wanauliza mwisho wake utakuwa wapi. Leo umekataa wachimbaji kwa ajili ya umeme, kesho utakataa michezo, keshokutwa programu za akili bandia.

Kuruhusu ni jambo moja, kubeba ni jingine

Nianze na hoja ya uhuru, maana ndiyo aliyonipa mwanafunzi wangu. Leseni huria ni ahadi ya kutokuzuia. Inasema: sitakuuliza unaitumia kwa nini. Haisemi kwamba kila mtu duniani ana wajibu wa kukuletea programu hiyo mlangoni. Barabara ni ya wote, lakini hakuna anayemlazimisha mwenye lori kubeba kila mzigo uliowekwa kando ya barabara.

Debian huacha vifurushi mara kwa mara, na hakuna anayelalamika kuwa uhuru umevunjwa. Kingine hukosa mtu wa kukihudumia, kingine kina matundu ya usalama yasiyozibwa, kingine hakina watumiaji. Programu isiyobebwa bado ni huria. Msimbo wake upo wazi, na anayeutaka atauchukua na kuujenga mwenyewe. Kosa la leseni ya Crockford lilikuwa kumfunga mtumiaji. Mkusanyo usiobeba mchimbaji haumfungi mtu, unachagua tu jasho la watu wake liende wapi.

Nije kwenye usalama. Nakubali kuwa kuficha ni kubaya zaidi. Lakini nakala safi haizuii wizi. Ile iliyokuwa katika kompyuta zetu ilikuwa safi kabisa, haikuwa na sumu yoyote. Ukaguzi wa programu hauwezi kukagua ni nani anayelipa umeme.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kwa kompyuta ya kawaida, kuchimba Bitcoin kumekwisha kuwa ndoto. Mashine maalumu ya mwaka 2020 iitwayo Antminer S19 Pro hujaribu namba trilioni 110 kwa sekunde, na kompyuta ya mezani hujaribu mamilioni tu. Hao wa Luviro wana mashine zao maalumu, hawangojei kifurushi cha kuweka katika kompyuta ya nyumbani. Zipo sarafu nyingine, kama Monero iliyoanza mwaka 2014, ambazo prosesa ya kawaida bado huambulia kitu. Je, kiasi gani? Nilipiga hesabu ya kituo chetu. Kompyuta moja ikifanya kazi kwa nguvu zake zote ilikula kiasi cha wati 120. Kompyuta 12 kwa saa 10 za usiku ni uniti 14 na ushei, na kwa siku 30 ni zaidi ya uniti 430. Sarafu alizopata yule kijana hazikufika robo ya thamani ya umeme huo.

Tafakari, ndugu msomaji. Kama kuchimba kwa kompyuta ya kawaida humtia hasara anayelipa umeme, basi nani hupata faida? Mara nyingi ni yule asiyelipa: mwanafunzi katika maabara ya shule, mfanyakazi katika seva ya ofisi, mwizi aliyevamia kompyuta za watu. Ndiyo maana XMRig, programu halali iliyoandikwa waziwazi, imekuwa kipenzi cha wavamizi wa seva.

Madhara hayo yamefika hadi kwa waandishi wa programu huria wenyewe. Zipo huduma zilizokuwa zikiwapa waandishi wa programu nguvu za kompyuta bila malipo ili wajaribu kazi zao. Wachimbaji wakazivamia. Mwishoni mwa 2020 Travis CI ikapunguza ilichokuwa ikitoa bure, na Mei 2021 GitLab ikaanza kuwataka watumiaji wapya wasiolipa waonyeshe kadi ya benki. Kijana wa Tanga au Bukavu anayejifunza, ambaye hana kadi ya benki, akakuta mlango umefungwa kwa kosa la mtu asiyemjua. Huko ndiko kuharibu kisima cha wote.

Je, mbona na nyingine hula umeme?

Imebaki hoja ya nne. Ni kweli programu nyingi hula umeme. Ipo inayoitwa BOINC, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo humwezesha mtu kutoa nguvu za kompyuta yake kwa ajili ya utafiti wa kisayansi. Nayo huzivumisha feni usiku kucha, na Debian inaibeba. Lakini kazi ikiisha, kuna matokeo mkononi mwa mtafiti. Mtu akitengeneza filamu, kompyuta hutoa jasho, kisha filamu ipo. Hata akili bandia, ambayo umeme wake mwingi nao unastahili kuhojiwa, ikipata njia bora ya kufanya hesabu, kazi ile ile hufanyika kwa umeme mdogo.

Katika programu hizo umeme ni gharama ya kazi, na kila fundi hujitahidi kuipunguza. Katika uchimbaji, kuteketeza ndiyo kazi yenyewe. Majaribio yote yaliyoshindwa hutupwa, na ukipunguza matumizi yako wengine watayajaza. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa tusimwage maji ovyo hata tukiwa kando ya mto, tofauti hii haitupi shida kuiona.

Kwa hiyo mlango haufunguki hadi kwenye michezo na filamu. Anayesimamia mkusanyo anaweza kujiuliza maswali matatu. Kazi ikiisha, kinabaki nini? Umeme analipa nani katika matumizi ya kawaida ya programu hii? Na je, muda wa watu wanaojitolea kuihudumia unamfaa mtumiaji wa kawaida wa mkusanyo? Mchezo utapita, kwa sababu anayecheza amekaa mbele ya kompyuta na anajua anachofanya. BOINC itapita. Hata programu ya kutunza na kukagua daftari la Bitcoin itapita, kwa sababu kukagua kurasa si kuchimba na hakuhitaji umeme wa namna hiyo. Mchimbaji wa kompyuta za kawaida hapiti.

Rai yangu basi ni hii. Leseni zisiguswe, na asiwepo wa kumzuia mtu kuandika, kugawa wala kutumia programu ya kuchimba kwa umeme wake mwenyewe. Lakini mikusanyo inayoendeshwa kwa jasho la watu wanaojitolea isizibebe. Na utakaoamua kuzibeba, angalau usiziweke katika usakinishaji wa kawaida, usiziingize kama tegemezi la programu nyingine, na maelezo ya kifurushi yaseme wazi kwamba hula umeme mwingi na kwamba asiye mwenye umeme aombe ruhusa kwanza.

Nasi wenye vituo na shule tusikae tukingoja uamuzi wa Debian. Mwanafunzi asipewe nywila ya msimamizi. Kompyuta zizimwe jioni. Msimamizi aandike uniti za LUKU kila siku katika daftari, si kila mwezi. Laiti tungefanya hivyo, tungemgundua kijana wetu katika siku ya tatu.

Ningemwona leo ningemwambia hivi: Mwanangu, ulisema kweli kwamba programu ile ulikuwa na haki nayo. Leseni ilikupa haki juu ya programu, haikukupa haki juu ya umeme uliolipiwa na mama wa mwenzako aliyeuza maandazi ili mtoto wake ajifunze. Na mimi nilikosea niliposomesha haki nne na kuziacha bila kuwaeleza kwamba kompyuta ina mwenyewe na umeme una mwenyewe. Tangu siku ile, katika somo langu la kwanza la programu huria, hilo ndilo ninaloanza nalo.